Ushahidi wa Mwenye Spika

Spika zilikuwa zangu, mheshimiwa hakimu.
Mbili nyeusi, moja imepasuka pembeni,
jenereta ya kuazima, waya nimeziunga kwa plasta.
Kaptembwa, Jumamosi, nyuma ya tangi la maji.
Tulipatana elfu nne. Mia tano nadai hadi leo.

Yule mheshimiwa mwingine, aliyeketi pale na tai ya kijani,
alipanda lori, akakohoa, akasema moja, mbili.
Nikampandishia sauti, nikampunguzia besi,
maana ana kifua kizito na nilitaka asikike.
Akasikika.
Hadi Rhonda, wanasema.

Hakusema "chomeni". Hapo wakili wake hajakosea.
Aliuliza tu, kwa upole wa mtu anayeuliza njia:
"Huyu mama wa kinu anatia nini kwenye unga wenu?
Mbona watoto wake hawaugui?"
Kisha akanyamaza.
Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa.
Kimya kikipita kwenye spika
kinafika mbali kuliko neno.

Watoto wa Bi. Kageha waliugua kama wa wengine,
surua, kikohozi, wa mwisho ana pumu.
Sote tulijua. Mke wangu ndiye aliyewapeleka zahanati.
Jioni kinu kikashika moto,
na sikuwa najua, mheshimiwa, kwamba unga
ukirushwa hewani huwaka wenyewe,
manjano, karibu mzuri.
Hakuokoa pesa. Alitoka na mizani.

Wakili amesoma kifungu cha thelathini na tatu:
kila mtu ana uhuru wa kujieleza.
Alipofika inapoandikwa "lakini"
akageuza ukurasa haraka,
kama anayepita mlango wa mtu anayemdai.
Uongo, akasema, haukutajwa humo.

Nami sikuja kuomba watu wakatwe ndimi.
Baba yangu mdogo, Shivachi, mwaka wa themanini na saba,
alisema barazani kwamba mabati ya shule
yako juu ya nyumba ya chifu.
Yalikuwa juu ya nyumba ya chifu. Mvua yenyewe ilijua.
Alirudi baada ya miezi kumi na minane
bila meno ya mbele,
na kosa lake liliitwa uchochezi.
Makasi hayo, mheshimiwa, hayatabaki mkononi mwako.
Atakayeyashika kesho simjui, nawe humjui.

Kwa hiyo sina ombi. Nina jambo moja tu.
Mashine yangu ina kitufe cha sauti, cha besi,
na kimoja kidogo, chekundu, cha mwangwi.
Alipofika kwenye neno "unga" nilikigusa.
Hakuniambia nikiguse. Hakunilipa kwa hilo.
Niliona tu litapendeza:
unga, unga, unga,
likashuka bondeni, likagonga mabati, likarudi.

Hilo halimo kwenye taarifa ya polisi.
Andika, karani.