Dagaa Wamekauka

Kompyuta ilipofika zahanati ya Igombe
ilikuja na fundi wa siku mbili, waya wa njano,
na ujumbe ulioandikwa huko ulikoandikwa:
Ndugu mteja, unakumbushwa kufika kliniki
kuchukua dawa zako za kila mwezi.
Nikabonyeza. Simu mia na nne zikalia
kutoka Kayenze hadi Kirumba.

Simu ya Nyanzobe ilikuwa kwa mwanawe, ikipiga picha.
Ya Bwire ilikuwa rehani kwa muuza vocha.
Ya Kabula ilikuwa mkononi mwa wifi yake,
aliyesoma kwa sauti, akameza mate,
akasoma tena.

Mwezi ule nilikaa na daftari
na majina yaliyonikodolea macho.
Wakubwa wakapiga kutoka mjini:
watu wenu hawajaelimika,
hawajaipokea teknolojia.
Nikasema ndiyo, mheshimiwa. Ningesema nini?

Kabula alikuja jioni, kwa mlango wa nyuma,
kanga imeshuka hadi kwenye nyusi.
Hakukaa.
"Nesi, hiyo mashine yako haina adabu.
Inapiga hodi huku imeshaingia."
Akanyamaza, akatazama waya wa njano.
"Ifundishe biashara.
Huku pwani ya ziwa, nani atashtuka akisikia dagaa?"

Tukaandika, yeye akitaja, mimi nikibonyeza,
nikikosea, akinicheka:
Dagaa wamekauka. Njoo na gunia kabla ya Alhamisi.

Alhamisi wakaingia mmoja mmoja.
Wengine walibeba magunia ya kweli, kwa usalama.
Mzee mmoja, namba yake ilikosewa,
aliuliza bei ya debe
akaondoka amepimwa presha.

Sasa tuna majina kwenye simu zao:
Fundi Cherehani. Mama Mizani.
Shemeji wa Sengerema.
Wakubwa walikuja, wakaona mstari umepanda,
wakauliza siri.
Nikawaonyesha mstari.

Ila kuna namba moja ya Ukara,
mama anayevuka maji yote yale
ili asikutane na jirani dirishani.
Nilimtumia mara tatu. Kimya.
Nikaanza kuogopa kalamu nyekundu.

Jana usiku umeme umekatika,
vyura wanabishana mtaroni,
simu ikawaka juu ya meza:
Huku mvua. Nimewaanua.
Jua likitoka nakuja.

Kwa mwanga uleule, kabla haujazima,
nikaandika mbele ya jina lake:
yupo.