Kugeuza Matabaka

Duka la Jinu liko Pala, ghorofani, juu ya wauza mabomba.
Tulipanda ngazi kwa zamu, Ouseph:
wewe na mgongo wako,
mimi na pochi niliyoibana kwapani.
Kijana akatulaza ubavu kwa ubavu, viatu chini,
akauliza, "Gumu, wastani, au laini?"
Wewe ukainua pembe ya godoro, ukainusa.
"Utomvu huu," ukasema, "umegemwa wakati wa mvua."
Jinu akacheka. Mimi sikucheka.
Miaka arobaini na mmoja umeamka saa tisa usiku,
taa kwenye paji la uso, kisu mkononi,
ukiichanja miti chale baada ya chale,
ukitega vifuu vya nazi chini ya makovu,
kisha unarudi kujinyoosha juu ya mkeka.

Tukachagua. Si kwa amani.
Wewe kilo tisini na nne, mimi hamsini na mbili.
Penye ulaini unazama kama jiwe kwenye uji;
penye ugumu bega langu linakufa ganzi
na nyonga inanung'unika hadi alfajiri.
Jinu akakata shauri kama hakimu wa mipaka:
godoro moja, gamba moja la pamba lenye zipu,
ndani pande mbili, kila upande matabaka matatu,
kila mtu apange yake.
Lako: gumu chini, gumu kati, wastani juu.
Langu: gumu, wastani, laini.
Na katikati mfereji mwembamba
ambao tangu usiku wa kwanza
ulimilikiwa na paka.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Tulikilalia, tukajua.
Wiki ya pili ulilalamika kwamba kiuno kinaning'inia.
Nikafungua zipu.
Tabaka la mpira si shuka, jamani!
Ni zito, linalegea, linakushika mikono
kama mlevi asiyetaka kuaga,
na likilala juu ya mwenzake halikubali kuteleza.
Tulivuta, tukasukuma, tukaangukiana,
tukacheka mpaka Thankamma wa jirani akabisha hodi.

Halafu hospitali ya Kottayam. Huko sitasema mengi.
Juni, miti imevalishwa sketi za plastiki kujikinga na mvua,
kilo themanini.
Nikaondoa gumu la kati, nikaweka wastani.
Sikukuu ya Onam, sabini na moja.
Ukasema godoro limegeuka ubao.
Si godoro lililogeuka, Ouseph.
Nikanyamaza, nikakupa laini langu,
nikachukua wastani lako, na bega langu likajikaza.
Disemba, sitini na mbili.
Nikampigia Jinu: nataka tabaka jingine,
laini kuliko yote uliyo nayo.
Akauliza, la nani?
Nikasema, la yule aliyenusa.
Alilileta mwenyewe, begani, kwa miguu toka kituo cha basi,
akanywa chai, akaangalia ukutani. Bei hakuitaja.

Siku hizi hatupishani sana.
Shimo langu na lako yanakaribia kulingana,
na gumu lako la zamani nimelisimamisha nyuma ya kabati,
maana kulitupa siwezi
na kulilalia siwezi.

Saa tisa usiku bado unaamka.
Hakuna taa, hakuna kisu. Unaingiza mkono kwenye zipu,
unabonyeza, unasikiliza linavyorudi.
"Huyu aliyegema," unasema, "alijua kazi."
Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Wewe hakuna aliyekusifu hata siku moja,
mimi nikiwemo. Niliogopa nini? Vifuu?
Basi nakusifu sasa, gizani,
kisu kimetundikwa, hakuna cha kutia maji:
ulijua kazi, mume wangu. Ulijua sana.

Kimya kirefu.
Kisha: "Sogea kidogo, Thressia.
Umemlalia paka."