Kidole Kimoja

Saimi kaacha bendi theluji ilipoanza,
karekodi peke yake juu ya duka la baiskeli:
gitaa, ngoma za kuazima,
na friji kuukuu, ikinguruma
hadi ndani ya wimbo wa tatu.

Gazeti la Tampere likampa nyota mbili.
"Sauti nzuri. Inamtafuta mwenzake."
Kidole kimoja hakivunji chawa, tukasema,
na mimi niliyempigia besi miaka tisa
nikacheka kuliko wote.

Nakala mia tano. Zimetoka sitini na moja.

Jana, kwenye foleni ya dawa,
mzee mwenye kikohozi na soksi za sufi
aliuimba puani ule wa tatu,
na mahali pa friji
akanguruma.

Ile ya sitini na moja niliinunua mimi.
Sijamwambia.