Ndoo

Niliingia Mombasa na ndoo mbili za asali ya miyombo,
lita ishirini kila moja, vifuniko nimevizungushia plasta.
Afisa wa Horohoro alizinusa, akauliza kama ni dawa.
Ni biashara, nikasema. Neno lilinijaa mdomoni;
nililinunua juzi, pamoja na viatu hivi.

Tabora waliniaga bila wasiwasi:
"Nyamizi, huendi Uchina. Kule ni Kiswahili tu,
tena ndiko kilikozaliwa. Utaelewana hata na paka."

Gesti ya Mwembe Tayari, asubuhi, meza moja,
mahamri, mbaazi za nazi,
na mgeni wa chumba namba tisa, Eliseo,
wa mji alionionyesha kwa kidole kwenye simu,
upande wa pili wa dunia, kwa watu wa Kihispania.
Anauza mashine za kubangua korosho.
Alinitazama kama mwenyeji.
Akasema maneno mengi, moja likawa "asukar,"
na mkono wangu ukasogeza bakuli la sukari
kabla kichwa hakijashangaa.

Nikatoka nikijiona mkalimani.

Lakini Kibokoni. Naulizia kwa Bi Shekuwe,
kijana anayeosha pikipiki anajibu, "Ndia ni hii."
Ndia. Nikaigeuza ulimini kama kipande cha mfupa.
"Ukipita msikiti, shuka tini."
Tini kwetu ni tunda la kwenye vitabu vya dini.
Nikashuka nikitafuta mti.

Kuta zimekaribiana kama watu wanaoteta,
nami, niliyekuwa nikisahihisha insha za wenzangu,
nikapita katikati nisijue kama nasengenywa.

Nikabisha hodi. Sauti ya ndani, ya mtu aliyezoea kutiiwa:
"Ndoo!"
Moyo ukatulia. Hapa wanajua kazi,
hakuna porojo, anataka mzigo.
Nikainua ndoo moja, nikaitanguliza mlangoni,
mimi nyuma yake, nusu nje, nikihema.
"Ndoo," akarudia, akipunga mkono.
Nikaisukuma zaidi.
"Ndoo wewe!"

Nikasimama.
Mimi, ndoo?

Mjukuu wake alikuwa hoi kwa kicheko nyuma ya jokofu.
Alipopata pumzi akanitafsiria, Kiswahili kwa Kiswahili,
taratibu, kama anayemvusha kipofu barabara:
njoo. Bibi anasema njoo.
Na Bi Shekuwe, leso mdomoni:
"Niwia radhi, mwanangu, kwa kuteka."

Nikatazama uani. Kisima kilikuwepo kweli,
kimefunikwa bati. Lakini yeye hakuinuka kitini.
Maji yalimtoka machoni, yakashuka shavuni, hata kidevuni,
nikasema moyoni: kumbe. Ameteka.

Asali aliionja kwa kidole kidogo, akanyamaza sana.
Akasema ina moshi.
Nikasema ndiyo, nyuki wetu hawaondoki kwa kubembelezwa.
Akakata theluthi ya bei, kwa lugha niliyoielewa yote.
Ndoo kumi kwa mwezi mpaka Ramadhani, kisha tutaona.
Nilipoandika risiti, kalamu ilisita
kwenye neno "ndoo," kana kwamba naita watu kumi.

Jioni Eliseo alikuwa peke yake ukumbini,
vipeperushi vyake vimerudi vyote, kona zimejikunja kwa jasho.
Alinionyesha viganja vitupu.
Sikuwa na Kihispania zaidi ya lile neno moja,
nalo tunalo sote.
Nikavuta kiti cha pili,
nikafungua kichupa cha asali iliyobaki.
"Ndoo," nikamwambia.

Akaja.