Karatasi ya Mlangoni

Nyumba yetu ina majina ambayo Kiswahili huyasoma vingine.
Binti yetu Masika si mvua.
Mume wangu anaitwa Kule,
na kule ndiko aliko siku nyingi:
kule Hima, kule barabarani na lori la saruji,
kule ndani ya simu, sauti ikikatika-katika
kama redio yenye betri za zamani.

Basi Agosti, shule zilipofungwa,
Mumbere alichukua kalenda ya mwaka juzi,
akaigeuza mgongo, akaandika mambo tisa,
akaibandika mlangoni kwa uji wa muhogo.
Juu kabisa, kwa herufi za tangazo la manispaa:
YASIYOHITAJI PESA.
Chini yake, herufi ndogo: au pesa kidogo.

La kwanza tulilimaliza siku hiyohiyo,
kula roleksi tumekaa juu ya reli.
Stesheni ya Kasese haijui treni tangu nikiwa msichana;
nyasi zimepanda ngazi, mbuzi ndio abiria.
Baluku akaweka sikio kwenye chuma, akasema, "Inakuja."
Tukahama.
Sote. Hata mimi mwenye akili zangu.

Kusimama kwenye mstari wa Ikweta, pale Kikorongo.
Kule alipata Jumapili moja,
akajilaza kifudifudi juu ya mstari
akauliza tumbo lake tulihesabu upande gani.
Muuza ndizi alicheka hadi akasahau chenji yetu,
nasi kwa kucheka tukasahau kuidai.

Kusonga obundu bila madonge: lilitushinda mara tatu.
Tuliyala madonge.

Kulala uani, chandarua kimoja.
Mbu walikuwa wengi kuliko nyota
na Masika alirusha mateke usiku kucha,
sijui alikuwa akimfukuza nani.

Kumfundisha mama baiskeli. Hapa nina kovu,
goti la kulia, mbele ya duka la Bwambale, watu wakitazama.
Lakini nilifika hadi mto Nyamwamba
na hakuna aliyenishikia kiti nyuma.
Niligeuka kuhakikisha. Ndipo nilipoanguka.

Kalamu nyekundu ikapita, ikapita,
hadi likabaki la tisa:
kuona theluji, wote kwa pamoja.

Bibi yao aliiita nzururu, wala hakuinyoshea kidole.
Mlima uko mgongoni mwa mji wetu
lakini hujifunika wingu kama mtu anayedaiwa.
Wiki tatu tuliamka gizani,
tukasimama kwenye tuta la mto, mashuka mabegani,
tukaangalia wingu.
Tukarudi kunywa chai.

Alfajiri ya mwisho.
Sanduku la Mumbere limesimama sebuleni,
godoro limefungwa kamba, sabuni sita, ndoo mpya;
anakwenda bweni, Mbarara, mara ya kwanza.
Kule yuko nyumbani, viatu vyake vya kazi mlangoni, midomo wazi.
Nilitoka kuwasha sigiri
nikaona anga limeoshwa.
Nikaenda hadi tutani, kiberiti bado mkononi.

Ilikuwepo. Nyeupe, ndogo kuliko nilivyodhani,
kama chumvi iliyobaki ukingoni mwa bakuli.

Niliwaita.
Niliwaita kutoka kule tutani
kwa sauti ya mtu anayeomba asisikike.

Maji yalipochemka, wingu lilikuwa limerudi kazini.

Kwenye chai Mumbere alishika kalamu.
"Tulikate tu, mama? Gari la saa tatu halisubiri."
Nikasema liache. Karatasi haili chakula.
Desemba utaikuta hapohapo.

Kule akatazama miguu yangu,
umande hadi vifundoni, tope la tuta kati ya vidole.
Akanitazama usoni.
Kisha akanisogezea sukari,
na mimi sinywi chai ya sukari.