Sili

Doa lilianza dogo, la ukubwa wa shilingi,
juu ya mchanga wa ua wetu, Maweni.
Nikalifukia kwa kisigino.
Kesho yake lilikuwa sahani.

Fundi Kahindi alilala chini, akanusa, akainuka
akijipangusa mgongo: "Sili ya krenki, ya mbele.
Yenyewe mia nne na hamsini.
Kazi yangu elfu saba."

Elfu saba sikuwa nazo. Nilizokuwa nazo
zilikwenda Gongoni kwa mdogo wangu Nyanje
mwezi wa tatu, bila Mbodze kuambiwa.
Na Mbodze alikwisha kujua.
Siku ya sita hiyo, nyumba inasema kwa vyombo tu:
sufuria kutua, kifuniko kufuata.

Nikanunua sili. Nikapiga jeki, nikasukumia chini
kipande cha boriti, jeki sikuiamini.
Gurudumu la kulia, kando. Mkanda, kando.
Ikabaki puli, na katikati ya puli
ile bolti.

Miaka ishirini hakuna mkono ulioigusa.
Spana niliirefusha kwa bomba la maji,
nikavuta, na injini nzima ikazunguka nami,
kama mtu anayekuitikia kila neno
wala hafanyi lolote.
Dawa yake ni gia ya nne, na mtu akanyage breki.
Mtu.
Nyumbani tulikuwa wawili, na kuku.

Nikasimama mlangoni, mikono myeusi nimeinyoosha mbali na pazia.
"Mbodze, njoo unikanyagie breki."
Alipunguza moto kwanza. Akafunga leso upya.
Akaketi kwa dereva, akatazama mbele
kama mwenye safari.
"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Kanyaga kama unayenichukia."
Bolti ikalia mlio mmoja, kuku wakatawanyika,
ikalegea.

Hakurudi jikoni. Alichuchumaa, akashika tochi.
Puli ikatoka kwa kubembelezwa, na nyuma yake
pete ya mpira, ngumu kama ukoko,
mdomo umepasuka mahali pawili.
"Ndiyo hii tu?"
"Ndiyo hii."
"Inaitwaje?"
"Sili."
"Sili," akarudia, na tochi ikanipanda usoni.
"Kila asemaye sili, ndiye akombaye sufuria."

Sikujibu. Nilizungushia utepe ncha ya bisibisi
nisije nikakwaruza chuma,
nikaing'oa pole pole, ikatoka na sauti ya jino.
Mbodze akapitisha kidole kwenye shafti.
Ukucha ukakwama.
"Hapa pana mfereji."
Kweli, mwembamba kama unywele, mzunguko mzima.
"Mpira umekula chuma?"
"Miaka imekula. Mpira ulikuwa ukigusa tu."
Akaupitisha tena ukucha, mara mbili, tatu.

Kwa hiyo ile mpya hatukuizamisha hadi mwisho.
Tuliiacha nje kidogo, unene wa kadi,
mdomo wake ushike chuma kizima.
Niliupaka oili kwa kidole.
Nilikosa cha kuipigilia. Akaingia ndani, akatoka
na kipande cha bomba anachokatia biskuti za kuuza.
Kilienea kama kilipimwa.
"Utaninunulia kingine," akasema.
Nikagonga juu, chini, kushoto, kulia,
kidogo kidogo, kama abishaye hodi kwa wakwe.

Wakati wa kukaza bolti sikumwita.
Alikwisha kuwa kitini, mguu juu ya breki.

Tuliliwasha robo saa, tukalizima,
tukalaza chini yake boksi safi.
Alfajiri nilimkuta ameshatangulia,
boksi mkononi, analielekeza kwenye mwanga.
"Kavu?"
"Tone moja."
"La zamani hilo. Lilijificha kwenye bamba."
"Labda."
Akachomoa kalamu kwenye nywele,
akalizungushia tone duara, akaandika tarehe.
Na chini ya tarehe, kwa mwandiko ule ule
wa daftari la wanaokopa biskuti:
Nyanje, elfu thelathini.
Kisha akalirudisha boksi mahali pake,
chini ya injini.