Bahasha Isiyo na Chama

Ijumaa saa nane mchana tulifungua milango ya shule,
sisi watano wa tume,
tukaweka sanduku chini ya michoro ya darasa la pili:
nungunungu wa rangi ya maji,
jua lenye meno.

Kijiji chetu cha Horní Olšinka kina watu mia nne na ushee.
Kanisani tumebaki tisa.
Ufunguo ninao mimi, kuni napasua mimi,
na siku nikipatwa na kikohozi
wimbo mzima unachechemea.

Huku jina la Mungu hutajwa
mtu anapojigonga kidole kwa nyundo.
Si kwamba wanatuchukia.
Wanatuona kama saa ya mnara iliyosimama:
hakuna anayeitazama,
hakuna anayetaka ing'olewe.

Jumapili iliyotangulia, Ndugu Vendelín alisimama kuomba.
Mfuga nyuki, masikio mazito, sauti nzito zaidi.
Alimtajia Mungu chama kwa jina, herufi kwa herufi,
kana kwamba Mungu alikuwa akiandika.
"Wape ushindi, Bwana. Na wale wengine uwabwage."
Wakaitikia. Amina yangu ilinikwama
kama mwiba wa samaki,
maana miongoni mwa wale wengine yumo Radim,
aliyenisafishia theluji mlangoni kipupwe kizima
bila kuombwa, bila kubisha hodi.

Mimi pia niliomba. Jikoni,
orodha za vyama vyote nimezitandaza mezani kama karata.
Nikasema: Nionyeshe.
Viazi vikachemka. Viazi vikaiva.
Nikachagua kama anavyochagua kila mtu,
kwa hofu kidogo, kwa tumaini kidogo,
na pensheni nimeipigia hesabu pembeni mwa gazeti.

"Bi Bohdana," Radim alinitania tukiwa zamu,
"Mungu wenu anampigia nani?"
"Hayumo daftarini," nikamjibu. "Hana anwani ya kudumu."
Akacheka, akanimiminia chai.

Jumamosi saa nane mchana tukafunga mlango kwa ndani,
tukazimwaga bahasha.
Mikono ikafanya kazi, midomo ikanyamaza.
Kisha moja, mkononi mwangu: nyepesi mno.
Ndani hamna chama.
Mna karatasi ya mirabaha iliyochanwa kwenye daftari,
inanukia nta,
na mwandiko ulioinamia kushoto
ninaoujua kwenye vibandiko vya chupa za asali
tangu nilipokuwa na nywele nyeusi:

*Baba, chagua wewe. Mimi sijui tena.*

Yeye! Aliyenguruma mbele yetu wote,
nyuma ya pazia, peke yake na kalamu,
hakuwa na jina hata moja.

Mwenyekiti Květuše alisoma, akavua miwani.
"Sheria iko wazi. Wanaosema ni batili?"
Mikono minne ikapanda.
Kanisani kwetu hatuna desturi ya kuinua mikono;
wangu haukuzoea kwenda huko juu.
Nikauinua.
Niliapa kuhesabu kura, sikuapa kuhesabu maombi.

Radim aliandika mstari mmoja, polepole, hakutania.
"Ni mmoja wenu?"
"Ni mpiga kura," nikasema.

Redio ilimtangaza mshindi nikiwa nafungua kamba za viatu.
Nikaendelea kuzifungua.

Asubuhi yake niliwasha jiko la kanisa.
Vendelín akaja, kofia mkononi,
akakaa benchi lake, chini ya dirisha lenye ufa.
Ulipofika wakati wa maombi alisimama
akanyamaza muda mrefu,
hadi gogo likapasuka motoni.
Kisha akawaombea nyuki,
baridi isiwaue wote.

Nikasema Amina kabla hajamaliza.
Hakusikia.